Ile Yenye Itapita mu Mulango

Papa Ombeni,

Nakuandikia nimekaa juu ya ndoo ya rangi, kwa sababu kiti yako ilikwenda Kalehe. Kaka yako Murhula aliibeba mwenyewe ku bega, na nitakuambia vile ilikuwa. Lakini nianze na ile yenye itakuumiza zaidi: presi yako ya kukunjia chuma imekuwa pana. Nimetoa vile vyuma vyake vifupi vya kulala, cha juu na cha chini, nimetenga nguzo zake mbili, nimeweka vyuma virefu vya shasi ya kamio, lori kuukuu. Leo tole nzima, bamba zima la chuma, inaingia, ncha kwa ncha, inakunjwa mara moja, bila kiungo katikati. Kasirika kwanza. Ukimaliza, usikilize.

Ile presi ilitengenezwa kwa kusukuma vyuma vya magurudumu ya magari, kila mutu mwenye macho aliona. Katikati ya nguzo zake mulango wa nyumba haukuweza kuingia. Ndiyo maana ulikuwa unakata tole vipande viwili, unakunja kimoja, unakunja kingine, halafu unaviunganisha na sudire, ule moto wa kuunganisha chuma, na kupitisha diskezi, mashini ya kukata na kusaga, juu yake ili isionekane. Ilionekana. Kila mulango wenye ulifanya, toka Kadutu soko mpaka Cimpunda, uko na kovu katikati, na mvua ya huu mji inajua fasi ya kuingilia. Mwaka haujaisha, kutu inashuka pale, nyekundu, mpaka chini. Nikikuambia tupanue presi, ulikuwa unacheka na pua. "Mama Ombeni, weye uza sambaza. Chuma uniachie miye." Na kama pombe ya kasiksi ilikuwa imekupanda kichwani, uliongeza: "Ukiipanua, tole itatoa tumbo." Hiyo ya tumbo nitairudilia, juu pale ulikuwa na haki, na sipendi.

Zile samaki ndogo za sambaza zenye ulizitaja kama uchafu, ndizo zilinunua presi. Nilizileta kutoka Kalehe mu boti, wiki kwa wiki, na harufu yake ku nguo, ku nywele, mpaka ku biblia yangu, mpaka ile garage yenye ilikuwa inafunga ikatuachia mashini. Weye unajua. Miye najua. Ndugu zako hawakujua, juu hukuwaambia. Murhula akikuja kutusalimia, ulikuwa unajaza kifua, unapiga nguzo ya presi na kiganja: "Hii ni ya familia." Miye niko pale na sahani ya bugali mukononi, nangoja umalize ile sentensi. Hukuimaliza hata siku moja. Ulikuwa hodari wa chuma na muoga wa ndugu zako. Nilikupenda hivyo hivyo, na mpaka leo nakasirika.

Sasa, kilio yako. Walilia vizuri, lazima niseme ukweli. Murhula alikuwa anaanguka chini kwa uchungu, anainuliwa, anaanguka tena, na kila mara alichagua fasi kavu. Mudogo wako Innocent yeye alilia karibu na sufuria, hakutoka pale. Waliuliza kama nyama imeisha kabla ya kuuliza ulikufa na nini. Muke wa Murhula aliingia chumbani kunifariji, akakaa ku kitanda yangu, akaanza kukandamiza godoro na vidole ili ajue kama bado iko nguvu. Nilimuangalia tu. Kuna watu wenye hata kuwatukana ni kuwapa heshima.

Na koti yako ya kanisa, ile ya rangi ya majivu. Murhula aliivaa siku ya mazishi. Alisema baridi imemupata. Mikono ya koti ilimufika ku vidole, akawa anaikunja kila saa ili ashike bilauri.

Wakati wa kilio haujaisha bado, shule moja ya huku chini ilituomba milango ya madarasa, mipana, na mukubwa wao alisema wazi hataki kovu katikati. Safari alitaka kuikataa hiyo kazi. Unamujua Safari wako, alifanya kazi na weye tangu mutoto wetu Ombeni hajazaliwa, na bado anauliza ruhusa ya kukohoa. Aliniambia: "Mama, presi iko vile iko. Papa hakuigusa." Nikamujibu: "Papa hakugusa vitu vingi." Tukaenda kutafuta vyuma.

Tulivipata kwa wale wa kuvunja makamio ya zamani. Wabebaji wawili walivishusha mu ile njia yetu yenye unaijua, ya ngazi za udongo, katikati ya ukuta wa Mama Chantal na ukuta wa muzee wa makala, pale penye mutu munene anapita upande. Kila chuma kilipita peke yake, kimesimama, na bado kilikwangua ukuta pande zote mbili. Mama Chantal alitoka kunipigia makelele. Nilimupa sambaza, akanisaidia kusukuma.

Nilikufuata mu kila kitu, ili usiseme nilisubiri ufe ndiyo nikudharau. Niliweka bulo, parafujo za kukaza na kufungua. Ulikuwa unatuambia kila siku: hakuna kupiga sudire ku mwili wa mashini, bulo tu, juu mutu wa Bukavu lazima aweze kufungua kazi yake na kukimbia nayo vita ikiingia. Ulisema hivyo na ulifanya hivyo. Mara ngapi tumekimbia na ile presi imefunguliwa vipande, juu ya migongo ya watu, halafu tunarudi tunaifunga tena. Basi tukafunga na bulo, Safari akikaza, miye nikishika taa.

Tole ya kwanza ilitoa tumbo. Ncha zote mbili zilikunjika sawa kabisa, na katikati ikabaki imelegea, inatuchekelea. Chuma kirefu kinajipinda kidogo mu kati kikisukumwa, na ule upindo mudogo tu unatosha kuharibu kazi. Nilisikia sauti yako pale pale, na kile kicheko cha pua. Nilikutukana kwa sauti, Safari aliogopa, akapiga ishara ya musalaba. Kesho yake nilichukua mukebe wa maziwa ya unga, ule wa Ombeni wenye tulikuwa tunawekea chumvi, nikaukata vipande vyembamba, nikavipanga chini ya ile reli yenye kukunjia, katikati tu: kimoja kirefu, juu yake kifupi, juu yake kifupi zaidi. Reli ikapanda kidogo pale kati, ikangojea chuma fasi yenye chuma kilikuwa kinakimbia. Tole ya pili ilitoka imenyooka kama pasi imepita. Mukebe wa maziwa, Papa Ombeni. Ile tumbo yako yenye ulinitishia nayo miaka yote ilikuwa inatibiwa na mukebe wa maziwa.

Kuna kitu kingine ungependa, hata kama usingesema. Kriki moja, jeki ya mafuta, haikutosha tena kusukuma kile chuma kirefu, kinainama upande. Tukaongeza ya pili. Sasa watu wawili wanapampu, mumoja kushoto, mumoja kulia, na lazima waende pamoja, pumuzi kwa pumuzi. Ukiharakisha, chuma kinapinda kichwa na kila kitu kinakwama. Miye niko kushoto. Kulia ni Ombeni, binti yako, ule wenye ulikuwa unamufukuza mu atelie, fasi ya kazi, juu eti cheche zitamuharibia uso. Uso wake ni muzima. Mikono yake imeota sugu, na anajivunia.

Basi siku ya kumaliza kilio ikafika. Walikaa mu kiwanja, ndugu zako wote, na shefu wa avenyu, mukubwa wa mutaa, wakamupa kiti nzuri. Walikula, wakakunywa, na Murhula akasimama na koti yako. Akaeleza vile atafungua atelie Kalehe. Murhula, mwenye hajui nyundo inashikwa upande gani. Akasema marehemu mwenyewe alitamka mara nyingi, mbele ya mashahidi, kwamba presi ni ya familia. Watu wakatikisa vichwa, juu ni kweli, ulitamka. Nilitaka kuongea. Lakini mutu mumoja tu ndiye aliweza kumalizia ile sentensi, na alikuwa chini ya udongo na musalaba wa mbao wenye Murhula alinunua, ule mwembamba.

Halafu akaona wanawake wamekunja uso, akataka kujionyesha mutu wa huruma. Akainua bilauri: "Sisi si watu wabaya. Ile yenye itapita mu mulango ni ya familia. Ile yenye haitapita, ibaki kwa mujane na watoto." Wakapiga makofi. Akafurahia makofi, akamugeukia shefu wa avenyu: "Umesikia, shefu?" Shefu akasema amesikia. Kila mutu pale alielewa: kuta zinabaki, mabati inabaki, choo inabaki, na vingine vyote viende. Ndivyo watu husema kila fasi, wakati wanataka kunyang'anya mujane na bado waimbiwe kanisani.

Jioni ile ile walibeba redio, meza, kitanda ya wageni, na lile godoro lenye lilikuwa limeshapimwa. Presi walisema watairudilia, Murhula ataleta wabebaji wenye nguvu. Mashini ya sudire na diskezi ni vya Safari, hata wao walijua hilo. Na mu atelie, Papa Ombeni, hakuna hata mumoja aliingia kuangalia. Walikuwa hatua chache kutoka pale. Kitu chenye walikipigania, hawakuwa na hamu ya kukiona hata na jicho moja. Kama Murhula angefungua ule mulango na kuchungulia, angeona bulo zinafunguka, na ningekuwa nimekwisha.

Nilibaki mu atelie nimekaa ku kiti yako, naangalia zile bulo. Nilikuogopa, nikuambie. Si wao, weye. Nilikuwa nasikia ile neno yako ya kufungua na kukimbia. Nikawaza: kukimbia na nini sasa, na kwenda wapi? Wale wenye nilikuwa nakimbia nao, mumoja amekufa, na hawa wengine ndio wananifukuza. Nikamuita Safari apige sudire juu ya zile bulo, zisifunguke tena. Alikataa. Alisema ni kuvunja neno ya marehemu, na pia Murhula atamulaumu, na pia mugongo unamuuma. Nikamuomba mashini yake tu na kofia ya macho. Hiyo hakuweza kukataa.

Nilipiga miye mwenyewe, kila pembe, juu na chini, nje na ndani. Ombeni alinishikia taa, na yeye ndiye aliniambia fasi yenye haijashika. Sudire yangu ni mubaya, imevimba, ina matone kama bugali iliyomwagika, ungeiangalia ungegeuza uso. Lakini nilipiga juu ya kila bulo mpaka kichwa chake kikapotea. Macho yaliniwaka mpaka asubuhi, na nilikuwa nalia, si kwa moshi. Nililia juu hukuwa pale kunikemea.

Murhula alirudi na boti ya Kalehe, na Innocent nyuma yake, na wabebaji sita wa soko ya Kadutu, wale wenye wanapanda na magunia mu zile njia bila kushika kitu. Alimuleta shefu wa avenyu pia, ili kazi iwe na heshima. Majirani walitoka. Nikafungua mulango wa atelie kabisa, nikakaa pembeni na Ombeni.

Mukubwa wa wabebaji aliingia peke yake. Aliangalia presi. Akaangalia mulango. Akatoka nje, akaangalia ile njia katikati ya kuta mbili, akarudi, akatandaza mikono yake kutoka nguzo mpaka nguzo, haikufika. Akamuuliza Murhula, pole pole, na adabu: "Papa, hii kitu ilizaliwa humu ndani?"

Majirani walicheka, na Mama Chantal zaidi ya wote. Murhula hakucheka. Alisema waigeuze upande. Waliigeuza, upana wake ukawa kimo, ikagusa mabati. Alisema wafungue bulo. Mubebaji akamuonyesha: hakuna bulo, papa, kuna sudire tu. Alisema wavunje ukuta. Shefu wa avenyu akakohoa, akasema: "Muzee, ulisema ukuta unabaki kwa mujane." Nilimuona Murhula akianza kuelewa, na kuelewa kwake kulichelewa njiani kama kawaida. Akaniangalia. Sikumuangalia tena, nilikuwa natoa uchafu ku kucha.

Basi akasema: "Waikate." Hapo niliogopa, juu hiyo nilikuwa nimeiwaza na sikupata dawa yake. Mutu akiwa na diskezi, hakuna sudire yenye inabaki. Akanyoosha mukono kwa Safari, kama vile mutu anaomba chumvi: "Lete ile mashini." Safari wako alisimama. Aliishika diskezi ku kifua na mikono miwili, vile mutu anashika mutoto mu mvua. Akasema: "Hii ni yangu." Hakuongeza kitu. Hiyo ndiyo hotuba yake yote, na shefu akaipokea: "Na weye, Muzee, ulisema ipite. Hukusema ikatwe." Nilikuwa namudharau Safari toka zamani, unajua. Ile siku niliacha.

Murhula bado hakukubali. Alisema basi ataitumia hapa hapa, juu ni ya ndugu yake. Akavua koti, koti yako, akamupa Innocent ashike, akachukua tole moja, akaipachika kombo, akaenda ku kriki ya kushoto, akaanza kupampu na hasira. Peke yake. Chuma kikapinda kichwa, kikalia, kikakwama. Akapampu zaidi. Jasho ikamutoka mbele ya watu wote, na ile tole ikabaki vile iko. Ombeni ndiye alimuhurumia. Alimuambia baba yake mukubwa: "Tonton, inaombaka watu wawili." Alisema bila kumucheka. Alimutoa mukono ku kriki, taratibu, akafungua pumuzi ya mafuta, chuma kikarudi.

Basi akatafuta kitu cha kubeba, juu mutu wa namna hiyo hawezi kupanda mulima mikono mitupu mbele ya watu. Akaona kiti yako. Kiti ilipita mu mulango. Innocent alimufuata na koti, na wabebaji sita nyuma yao, wanamuuliza watalipwa na nani.

Hii ndiyo habari, na nimecheka nikiiandika, lakini sitaki udhani kila siku nacheka. Nakukosa ku vitu vya kijinga. Nakukosa ku ile kicheko ya pua yenye ilikuwa inaniudhi. Nikifanya kitu nzuri, nageuka ili uikatae, na fasi iko wazi. Nilikuwa nataka siku moja ukae kulia, miye kushoto, na unifuate pumuzi yangu. Hukutaka. Sasa kulia iko Ombeni na tunakunja milango ya shule, mumoja mumoja, bila kovu. Yule mukubwa wa shule alipitisha mukono juu ya ule wa kwanza, akatafuta kiungo, hakukiona.

Ile presi haitakimbia tena, na miye pia. Kama mambo ya huu mji yatachafuka, yatanikuta hapa kushoto.

Juma hili nilikuja kukuona, pengine uliona. Ule musalaba wa Murhula umeshainama, na mvua imeanza kula udongo upande wa miguu yako. Nilipima kaburi na kamba, nikaifunga fundo, nikarudi. Nimekukunjia kifuniko cha kaburi, tole moja, nene, kingo nne zimeshuka chini ili maji yateleze nje. Hakuna kiungo. Nimetafuta hata miye na ukucha, hakuna. Kazi yako yote ilikuwa inavuja katikati, Papa Ombeni, weye hutavujiwa. Naahidi hivyo, na ahadi yangu huwa naimaliza. Lala salama, kichwa ngumu yangu.

Kesho tunakuletea, Ombeni upande mumoja, miye upande mwingine. Hiki nimekipima: kinapita mu mulango.

Mama Ombeni